Makaa ya Lukoba Hayasemi Mwaka

Wewe, ukiulizwa uko na miaka ngapi, unahesabu na nini? Usinionyeshe kitambulisho. Hata mimi niko nacho, na kinasema nilizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, mimi na karibu wamama wote wa umri wangu huku Kitale. Utafikiri mama zetu walikubaliana kutuzaa siku moja. Karani aliniangalia uso, akaniangalia mikono, akauliza, "Mama, nzige uliona?" Nikasema niliona. Akaandika. Hiyo ndiyo miaka yangu, miaka ya nzige na ya uso.

Leo nimechoka. Nimetoka Bungoma juzi na magoti bado inanisema. Lakini mdomo hauna goti, kwa hivyo kaa hapo, chukua kile kiti chenye miguu yote, nikuambie habari ya makaa ya ndugu yangu.

Mimi ni wa Malakisi, huko Bungoma. Huku juu Kitale niliolewa tu. Ndugu yangu mkubwa ndiye alibaki kwa shamba ya baba, akilima tumbaku na kuikausha mpaka yeye mwenyewe akawa na rangi ya tumbaku. Na ndani ya hiyo shamba kuna lukoba. Lukoba ni ukuta wa udongo, watu wa zamani walikuwa wanazungushia nyumba zao na ng'ombe zao wakati wa vita. Nje mtaro, ndani ukuta, mlango mmoja tu, mdogo, unaingia umeinama kama mtu ana makosa. Sasa ukuta umechoka, umelala, umekuwa kama mgongo wa ng'ombe kwa nyasi. Lakini asubuhi wakati jua liko chini, unaona kivuli chake kinazunguka chote, na pale kwa mlango kinakatika.

Majirani walilima lukoba za kwao zikaisha. Ndugu yangu alikataa. Watu walimwambia, "Mzee, hapo ndani udongo ni mweusi, tumbaku itakushukuru." Yeye anasema, "Jembe haliingii kwa nyumba ya mtu bila hodi." Sisi tulikuwa tunamcheka. Bibi yake, ambaye ni mulamwa wangu, yaani shemeji, alikuwa anamcheka kuliko wote. "Huyu anapigia nyasi hodi, na mimi hapa jikoni hata hanisalimii."

Sasa, ndugu yangu alipoanza kuugua kifua, akatuita. Akasema anataka akifa azikwe ndani ya lukoba, karibu na pale mahali kuna mafiga matatu ya zamani, yale mawe ya kuweka chungu, yametoa kichwa kidogo kwa udongo. Wazee wa ukoo wakaguna. Mmoja akamwambia, "Hayo mafiga ni ya nani? Kama ni ya watu wetu, lala. Kama ni ya watu waliokuwa hapa kabla yetu, unaenda kulala kwa jiko la wenyewe, na wajukuu wako hawatapata usingizi." Kwetu hiyo si mzaha. Unaweza kuomba mtu moto, unaweza kuomba chumvi, lakini jiko la mtu huombi. Ndugu yangu naye ni mtu wa heshima. Akasema, "Basi nitafutieni ni la nani. Kama si letu, nizikeni nyuma ya nyumba kama mtu yeyote."

Hapo ndipo mjukuu wangu anaingia. Ni msichana wa kifungua mimba wangu, na yuko chuo kikuu. Miaka yote hiyo nikiulizwa anasomea nini nilikuwa nasema "udaktari," kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia atakuwa daktari. Halafu siku moja akaja hapa Kitale na bomba ndefu, akaingia kule kwa bwawa la majani marefu, akaanza kusukuma bomba kwa matope. Anatoa tope imenyooka kama soseji, anaifunga na karatasi, anaibeba kama mtoto mchanga.

Nikamwambia, "Wewe mtoto, daktari wa matope?"

"Kukhu, hii ya chini ilianguka hapo kabla mama yako azaliwe."

"Na hii ya juu?"

"Hii ya juu ni mvua ya juzi."

Nikamwangalia. Amechafuka mpaka kwa masikio na anacheka. Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu, na akisema hiyo neno na hayo meno yake, hata kama umekasirika unajikuta unampikia chai. Nikamuuliza anajuaje umri wa tope. Akaniambia ndani ya tope kuna vipande vya majani na makaa, na makaa yanaweza kupimwa. Nikasimama. Nikamwambia, "Kama makaa yanapimwa, ndugu yangu ako na makaa."

Tukaenda Malakisi pamoja. Alichimba shimo dogo kando ya mafiga, nadhifu kama kaburi la kuku. Ndugu yangu alikaa kwa kiti pembeni na kiko chake mdomoni, anaangalia. Msichana akamwambia, "Kuka, naomba uzime kiko." Kuka ni babu kwetu.

"Kwa nini? Moshi unakuzuia kuchimba?"

"Jivu ya leo ikiingia kwa makaa ya zamani, itanidanganya umri."

Ndugu yangu akazima kiko! Wewe humjui. Huyo mtu hata kanisani alikuwa anaizimia mlangoni na manung'uniko. Siku hiyo alizima akaiweka mfukoni kama mtoto wa shule. Bibi yake akapiga kofi, "Haa! Kumbe dawa ilikuwa makaa!"

Makaa yalipatikana chini ya jiwe la pili. Kidogo tu, kama vipande vya kucha. Msichana hakuyagusa na mkono, aliyachukua na kitu kama koleo ya nyusi, akayafunga kwa ile karatasi ya kung'aa ya kufunika chakula. Akatuambia mashine iko ng'ambo, na foleni yake ni kama ya hospitali. Tungoje.

Tukangoja. Mimi kila wiki napigiwa simu na ndugu yangu. "Mukhana wefwe, makaa inasemaje?" Mukhana wefwe ni msichana wetu. Kaka yako kwetu anakuita hivyo hata ukiwa na mvi. Mimi namwambia bado. Anakohoa, anasema sawa, halafu wiki ijayo tena. Mahindi ya huku Kitale yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, yeye bado anauliza. Kungoja kunachosha kuliko kulima. Ukilima, angalau jioni unaona nyuma yako pamefunguka.

Halafu jibu likaja, na hapo ndipo tuliharibu.

Msichana alipata namba kutoka kwa maabara. Alikuwa njiani, akamtumia kuka yake kwa simu, kwa furaha tu, ati makaa yamepimwa, namba ni mia na kitu. Alikuwa anataka kuongeza maneno lakini simu ikazima. Bibi ya ndugu yangu ndiye alisoma ujumbe kwa sauti. Ndugu yangu akakaa chini, akaanza kuhesabu kwa njia yetu. Sisi hatuhesabu na kalenda, tunahesabu na marika. Wavulana wanatahiriwa mwezi wa nane, mwaka mmoja ndio, mwaka unaofuata hapana, na kila msimu unajulikana, na misimu inakusanyika kuwa rika moja lenye jina. Majina ni nane, yanazunguka. Mtu kama ndugu yangu anaweza kurudi nyuma na hayo majina kama wewe unavyoshuka ngazi. Akashuka, akashuka, mia na kitu kutoka leo, akatua kwa rika la babu ya babu yake. Na si hivyo ndivyo wazee walikuwa wanasema? Ati lukoba ilijengwa na hilo rika!

Akaruka juu, mtu wa kifua kile. Akanipigia. "Mukhana wefwe! Ni letu! Jiko ni la watu wetu!" Kabla nijibu, nikasikia mbuzi inalia kwa simu. Wamechinja. Wazee wakaitwa, wakala, wakakubali. Wakampimia mahali pake kando ya mafiga na kamba, wakaweka mawe kwa pembe. Wewe, nani anaweza kubishana na mbuzi imeshaliwa?

Msichana alikuja kwangu kesho yake, tukashuka Malakisi.  Pale Webuye gari ilisimama watu wakanunua ndizi, nikamnunulia, akaishika tu mkononi. Nikajua iko shida. Tulipofika, kuka yake akatoka kumpokea na mikono imefunguliwa, yeye akasimama kwa uwanja, akaanza kulia.

"Kuka, hiyo namba si miaka."

 Ndugu yangu akashusha mikono.

"Si miaka vipi? Imeandikwa miaka."

"Ni miaka ya makaa. Si miaka ya watu."

Bibi ya ndugu yangu akaniangalia. "Mulamwa, mbuzi wangu alikufa kwa miaka ya nani?"

Tulikaa chini kwa turubai la kuanikia mahindi, na yule mtoto akaeleza. Nitakuambia vile nilielewa, na kama nimekosea ni yangu mimi. Kila kitu kinachoishi, mti, mahindi, wewe, kinaingiza kitu fulani kutoka hewani. Ndani ya hicho kitu kuna aina moja ambayo inaisha polepole, yenyewe, bila kuchoka na bila kukimbia. Mti ukiwa hai unakula nyingine, inajazwa. Ukikatwa, basi, hauli tena, na ile iliyobaki inaendelea kuisha. Mashine inaangalia imebaki ngapi, ndio inatoa namba. Mpaka hapo ni sawa.

Shida ni hewa. Hewa ya zamani haikuwa na kiasi kile kile kila wakati. Kuna vipindi ilikuwa nayo nyingi, kuna vipindi kidogo. Kwa hivyo mti uliokula wakati wa wingi unaonekana kijana kuliko umri wake, na uliokula wakati wa njaa unaonekana mzee. Tena ile "leo" ya watu wa makaa si leo yetu. Walikubaliana zamani kwamba leo yao ni mwaka wa hamsini, ule wa kabla ya uhuru, na wakaiacha hapo mpaka sasa. Ndugu yangu akasema, "Kumbe leo yao ilikufa, na mimi nimehesabu kutoka kwa leo iliyo hai."

"Sasa mnajuaje ukweli?" nikauliza.

"Tunatafuta kitu kingine kinachojihesabu chenyewe, Kukhu. Kitu ambacho hakijui habari ya mashine."

Akasema kuna nchi za baridi, mti unalala wakati wa baridi na kuamka wakati wa joto, na kila mwaka unachora duara moja ndani ya tumbo lake. Mwaka mzuri duara nene, mwaka mbaya nyembamba. Unachukua mti wa juzi, unachukua boriti ya nyumba ya zamani, unachukua gogo lililozama kwa matope, unalinganisha maduara yao mpaka yanashikana kama mnyororo, unarudi nyuma maelfu ya miaka bila kuuliza mtu. Halafu iko maziwa ya maji ambayo chini yake kila mwaka unaweka tope nyeupe na tope nyeusi, nyeupe na nyeusi, kama matabaka ya chapati. Iko pia mawe ya mapango yanayokua tone kwa tone. Watu walichukua hivi vitu ambavyo mwaka wake unajulikana, wakavipitisha kwa ile mashine ya makaa, wakaandika: mti wa mwaka fulani, mashine inasema hivi. Wakapata njia.

Akaokota kijiti akachora hiyo njia kwa mchanga. Nilifikiri itakuwa imenyooka. Wapi! Ilikuwa inapinda kama mlevi anatoka sokoni, inapanda, inashuka, inapanda tena kidogo. Halafu akachora mstari mwingine, umenyooka, unakata katikati. "Hii ndio namba yetu," akasema. Mstari ukaikata ile njia ya mlevi hapa, na pale. Mahali mbali mbali.

"Hapa," akaweka kidole, "ni wakati wa babu ya babu yako. Na hapa, ni mapema, karibu mzunguko mzima wa marika kabla yake. Makaa yanaweza kuwa ya hapa au ya hapa. Na hata hapo si mwaka mmoja, ni kutoka hivi mpaka hivi."

Ndugu yangu aliangalia kile kidole muda mrefu. Mzunguko mzima! Unaona hiyo shida? Majina ya marika yanarudi. Ukirudi nyuma mzunguko mmoja, unakuta rika lile lile, jina lile lile. Kwa hivyo hadithi ya wazee, ati lukoba ilijengwa na hilo rika, inaingia kwa sehemu zote mbili. Na mapema vile, watu wetu hawakuwa wamefika hapo bado. Lingekuwa jiko la wenyewe.

Ndugu yangu akasema pole pole, na hiyo sauti iliniumiza, "Mtoto wangu. Umesoma miaka yote hii, umenizimisha kiko, ndio uniambie hujui?"

Msichana akainamisha kichwa. Na mimi nilikuwa nimechoka, nilikuwa nataka tu kulala, lakini niliona wote wawili wanazama. Nikamwambia ndugu yangu, "Unakumbuka vile mimi nilienda Kitale?"

Akaguna. Anakumbuka.

Wewe hujui, nikuambie. Mama yetu alikuwa anatuhesabu na mavuno. Huyu amekula mavuno haya, huyu haya. Na kwetu Bungoma unavuna mara mbili kwa mwaka, mvua kubwa na mvua ndogo. Watu wa Kitale walipokuja kuniposa wakauliza umri, mama akawaambia mavuno. Na Kitale wanavuna mara moja! Mvua moja ndefu, mahindi moja, basi. Wakahesabu kila vuno mwaka. Wakarudi nyumbani wakifurahi wamepata mwanamke mkomavu. Kumbe wanaletewa mtoto.

Nilifika huko, nikaambiwa nisonge ugali wa watu wa kazi. Sufuria ilinizidi. Mwiko ulinishinda, nikasimama juu ya kigoda, wamama wakacheka mpaka wakakaa. Mama mkwe hakucheka. Aliniangalia, akaniita kando, akaniuliza, "Wewe, mama yako alikuambia ulizaliwa wakati wavulana wa msimu gani wanatahiriwa?" Nikamwambia msimu, kwa sababu hiyo ilikuwa hadithi ya kwetu, nilizaliwa ngoma zikipita kwa njia. Akahesabu na vidole, na misimu ni ile ile kwetu na kwake, haijui habari ya mvua. Akashika kichwa. "Uuwi! Wametuletea mtoto!" Akamwita kijana wake akamwambia, "Huyu atalala kwangu mpaka nikuambie." Na nililala kwake. Nilikula, nilikua, nilicheza kibe, ule mchezo wa kujificha, na wadogo wa mume wangu nyuma ya ghala. Mpaka leo nikipita kwa kaburi yake nasimama.

"Sasa mama yetu alidanganya?" nikamuuliza ndugu yangu.

"Hakudanganya. Mavuno yalikuwa ya kweli."

"Na Kitale walidanganya?"

"Hapana. Walihesabu vuno kama mwaka."

"Basi. Na huyu mtoto hajadanganya. Makaa yamehesabu mavuno yao, na sisi tumechinja mbuzi tukifikiri ni miaka."

Bibi yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho na leso. "Yaani mbuzi wangu ni kama wewe, mulamwa, ameolewa kabla ya wakati!" Na ndugu yangu akacheka, halafu kikohozi kikamshika, tukamshika mgongo.

Alipotulia aliuliza kitu kimoja tu. "Hakuna namna ya kuchagua? Hapa au hapa?"

Msichana akasema iko namna. Akatupeleka pale kwa mlango wa lukoba. Siku ile ya kuchimba alikuwa amefukua kidogo hapo, na chini ya udongo akaona nguzo iliyoungua, nene, bado imesimama kwa shimo lake. Nguzo ina maduara ndani. Ukichukua makaa ya moyo wa mti, na makaa ya katikati, na makaa ya karibu na ganda, unajua moyo ni mzee, ganda ni kijana. Ni vipande kadhaa ambavyo mpangilio wao unajulikana. Ukiviweka pamoja kwa ile njia ya mlevi, haviwezi tena kukaa popote, vinatafuta mahali ambapo vyote vinaingia, kama mguu na kiatu chake.

Nikamuuliza, "Si uhesabu tu maduara ujue miaka kati yao?"

"Kukhu, huku Bungoma mvua ni mbili. Mti wa huku unaweza kuchora mara mbili kwa mwaka, au usichore vizuri. Nikihesabu kila duara mwaka..."

"Utaletewa mtoto!" ndugu yangu akamaliza. Akapiga goti. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimwona akifurahi hivyo.

Vipande vikaenda ng'ambo. Foleni tena. Yale mawe waliweka kwa pembe za mahali pake ndani ya lukoba ndugu yangu aliyatoa mwenyewe, moja moja, anapumzika kati. Wazee walimwambia ayaache, wameshakubali. Akasema, "Mlikubalia mbuzi."

Mwezi ule tulivuna mahindi hapa Kitale, simu zake zikapungua. Nikashuka. Nilimkuta amekaa nje ya ile nyumba ya kukaushia tumbaku, amefunikwa blanketi jua likiwaka. Hakuniuliza makaa inasemaje. Akasema, "Mukhana wefwe, nimefikiria. Nizikeni mlangoni."

"Mlangoni gani?"

"Wa lukoba. Nje ya ukuta, kando ya ile nguzo. Si ndani, si nyuma ya nyumba. Kama jiko ni la babu, mimi ni mlinzi wa mlango wake, siyo kazi mbaya. Kama jiko ni la wenyewe, basi mimi ni mgeni nimepiga hodi, nangoja kuitikiwa. Mgeni aliye mlangoni hajakosea mtu."

Nikamwambia namba inaweza kuja wiki ijayo. Akasema, "Inaweza. Lakini mimi sina foleni ndefu kama yao."

Alienda kabla yale mahindi tulivuna yakauke kwa turubai. Sitakuambia ile siku, nimechoka nayo. Nitakuambia tu kwa mazishi mmoja wa wazee alisimama akasema mlangoni si mahali pa kuzika mtu mzima, watu watamruka wakipita. Nikasimama, mimi msichana wa hiyo boma, nikamuuliza, "Nani anapita? Huo mlango haujaingiwa na mtu tangu zamani isipokuwa huyu, na alikuwa anapiga hodi." Bibi yake akasema kutoka pale alipokaa, bila kuinua kichwa, "Mzikeni pale alisema. Nimebishana naye maisha yote, sasa hivi sitaki kumshinda." Wakachimba.

Juzi ndio tulirudi kuona kama udongo umekaa, mimi na yule mjukuu. Umekaa. Nyasi imeanza kushika. Tulikaa kwa mgongo wa ukuta, mimi nimenyoosha miguu yangu hii, yeye anachuma-chuma majani. Nikamuuliza kama namba imekuja. Akasema bado. Nikamuuliza, ikija, ataambia nani kwanza. Akasema profesa wake ndiye anatakiwa kuona kwanza, ndio kawaida ya chuo.

 Niliangalia tu ile shimo la nguzo, na lile kaburi. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa: foleni ya ng'ambo, na mimi na magoti yangu, na miaka yangu ya nzige ambayo hata karani alibahatisha. Yeye akaniona nahesabu. Ni mtoto wa kuona, huyo. Akasogea, akaweka kichwa chake kwa bega langu, ule udongo wote wa mkono wake ukanipaka leso.

Akasema, "Kukhu, namba ikija, kabla niambie profesa, nitakuja hapa na wewe. Nitapiga hodi. Nitamwambia kuka jiko ni la nani, na nitamwambia kutoka hapa mpaka hapa, sitamdanganya na mwaka mmoja. Na kama itachelewa, na wewe utakuwa umelala, nitapanda Kitale niseme tena. Nitasema mara mbili, kwake, halafu kwako."